Mjadala: Vyama vikishikana mashati, raia wa kawaida ana la kufanya? Tuitazame Zanzibar

Mtu wa Barza (mleta mada)

Asalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Naleta swali ambalo kwenye barza zetu huishia kwa mtu kuvaa viatu vyake na kuondoka. Vyama vikubwa vikikwama, kila kimoja kikasema bora tukose sote, mtu asiye na cheo ana la kufanya? Au kazi yetu ni kungoja wakubwa wakutane Ikulu, kisha tutangaziwe redioni kwamba kuanzia leo tunapendana?

Nachukua Zanzibar kwa sababu mkwamo wetu una umri sawa na mfumo wa vyama vingi wenyewe. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza tangu mfumo huo urudi 1992, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, akapewa 49.8. Barazani CCM ilipata viti 26 na CUF 24, na majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. CUF ikasusia Baraza la Wawakilishi. Miaka ikapita. Akaja Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, Chifu Emeka Anyaoku, na watu wake, ukapatikana Muafaka wa 1999. Uchaguzi wa 2000 ukaubomoa. Januari 2001 watu zaidi ya 30 wakauawa kwenye maandamano, wengine kwa maelfu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huo Muafaka wa pili. Mazungumzo ya tatu yakafia Butiama Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM iliposema wananchi kwanza waulizwe, na CUF ikaona ni njia ya kukwepa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Lile sharti lililoonekana hila ndilo lililotuokoa. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana, safari hii bila mgeni wa kuwashika mikono, na tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni. Asilimia 66.4 wakasema Ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba ukaja uchaguzi ambao Dk. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim 49.1, yaani tofauti nyembamba kama ile ya 1995, na watu wakalala majumbani mwao salama. Matokeo ya aina ile ile, mji ule ule. Kilichobadilika ni kwamba raia walikuwa wameshaulizwa na wameshajibu.

Kwa hiyo nasema hivi: mapatano ya viongozi peke yao hayadumu, na raia si watazamaji. Lakini nasema pia kwamba baada ya Julai 2010 tulirudi kulala. Wale waliovuka mstari wa vyama vyao ili tupatane waliachwa wakaadhibiwa mmoja mmoja, na sisi tuliofaidika na kazi yao tukatazama pembeni. Naona hapo ndipo kazi ya mtu wa kawaida ilipo: kumlinda mwanasiasa anayethubutu kukubaliana na upande wa pili. Mengine nitayasema nikiulizwa. Karibuni, na tuheshimiane.

Msukuma wa Kariakoo

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka 2015. Hao raia walioulizwa wakajibu walipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, akasimama mbele ya kamera akafuta uchaguzi mzima. Mtu mmoja. Asilimia 66.4 yako ilimsaidia nini mpiga kura siku hiyo? Marudio ya Machi 2016 CUF wakasusa, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, tukarudi kule kule. Sisi huku bara tulikuwa tunaangalia tu kwenye televisheni.

Mwenye nguvu akitaka mkwamo, mkwamo utakuwepo. Raia atafanya nini, atanuna?

Mkarafuu

Msukuma, hilo la kununa ulilolisema kwa mzaha, sisi Pemba tulilifanya kweli. Ngoja nikueleze, maana wengi huku nje hawalijui.

Miaka ya tisini kijijini kwetu ulikuwa hununui chumvi duka la mtu wa upande wa pili. Gari yake hupandi. Akifiwa huendi, na kama huna budi kwenda, unasimama mbali mpaka wamzike, unaondoka bila kula. Misikiti iligawanyika, watu wakasali jamaa mbili ukuta kwa ukuta. Baada ya marudio ya 2016 yakarudi yale yale, hadi mikarafuu ya watu ikakatwa usiku. Mkarafuu ni mti wa kurithishana, ukiukata umemwadhibu mtu na wajukuu zake.

Sasa wapo wanaosema ile ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya mnyonge: kura yangu umeichukua, lakini kununua kwako siwezi kulazimishwa. Nimekulia ndani ya fikra hiyo na naijua ladha yake. Ila tuseme ukweli, aliyeumia ni nani? Waziri hanunui chumvi duka la Mtambwe. Aliyeumia ni muuza duka ambaye pengine alipewa kadi ili apate kibali cha biashara. Mwenye madaraka hakuhisi lolote, na pale Unguja alipata hoja ya kusema hawa ndio hawafai kushirikishwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni ndiyo, raia anaweza. Anaweza kwanza kuacha kuufanya mkwamo wa wakubwa kuwa wake.

Mwana wa Maskani

Mie ni CCM, sifichi, na kadi yangu ni ya siku nyingi. Nimefurahi kuona Mkarafuu kalisema la Pemba mwenyewe, maana ningelisema mimi mngeniita majina.

Lakini mnalojadili hapa lina upande mmoja. Mnasema mkwamo kana kwamba kila kutokubaliana ni ugonjwa. Ile theluthi iliyosema Hapana 2010 ilikuwa na hoja, na hamuitaji. Hoja ilikuwa hii: mkiwaweka wote serikalini, nani atabaki kuihoji serikali? Mwakilishi ambaye chama chake kina mawaziri hawezi kusimama akamkaba waziri. Mtu akishindwa uchaguzi akapewa Makamu wa Kwanza wa Rais, ushindi una maana gani? Mnaita maridhiano, mie naita kugawana vyeo. Raia wa kawaida kapata nini humo? Ajira ziliongezeka? Maji Jang'ombe yalitoka?

Kama mnataka raia asaidie, mwambieni achague chama kimoja kwa kura nyingi, mkwamo utaisha wenyewe.

Mtu wa Barza

Mwana wa Maskani, hoja ya nani ataihoji serikali naiheshimu na ni kweli kabisa kwamba haikujibiwa vya kutosha 2010. Lakini wakati ule wawakilishi wa viti vya nyuma wa vyama vyote viwili walianza kubanana na mawaziri wa vyama vyote viwili. Mtu hakuwa tena analinda upande, kwa sababu upande wake ulikuwa pande zote.

Kuhusu raia kapata nini: muulize mkulima wa karafuu. Mwaka 2011, serikali hiyo hiyo unayoiita ya kugawana vyeo ndiyo iliyopandisha bei na kukubali kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mkulima alipunjwa, akaona bora apakie mashua usiku apeleke Kenya, na serikali ikampelekea vikosi. Kila chama kilijua dawa, lakini karafuu ni Pemba na Pemba ni CUF, basi suala la bei likageuka suala la chama. Ugomvi ulipotoka ndani yake, likawa suala la bei tu.

Hilo la chama kimoja kwa kura nyingi, hesabu za 1995 na 2010 zinakujibu. Nusu kwa nusu. Utamwondoa nani?

Likoni Feri

Salamu kutoka Mombasa. Niruhusuni nitie neno kwa sababu wakimbizi wenu wa 2001 walishukia kwetu Shimoni, na sisi pia tumeonja mikataba ya wakubwa.

Kenya tumekuwa na namna mbili. Februari 2008 Kofi Annan alipatanisha Kibaki na Raila baada ya damu kumwagika, ikaundwa serikali ya mseto, na ndani yake tukapata Katiba ya 2010 kwa kura ya maoni. Hiyo ilishika. Halafu Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, watu wakaamka asubuhi wakakuta maadui wamekuwa marafiki. Amani ilikuja, sikatai, biashara ikafunguka. Lakini ule mkono ulizaa BBI, mpango wa kubadilisha katiba kutoka juu ukiwa umevishwa nguo ya mpango wa wananchi. Raia wakaenda kortini, akina David Ndii na wenzake, na wengine waliofungua kesi zao. Mahakama Kuu ikaisimamisha Mei 2021, ya Rufani ikakubali Agosti, na Mahakama ya Juu Machi 2022 ikathibitisha kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia iliyowekewa wananchi.

Kwa hivyo nakubaliana na mwenye mada nusu. Raia ana nguvu ya kuidhinisha mapatano, na vilevile ana nguvu ya kuyakataa, na hiyo ya pili msiisahau. Si kila maelewano ya wakubwa ni ya kwako.

Na kwa anayesema mkwamo hauna gharama kwa mtu wa chini: tume yetu ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 kwa sababu wanasiasa hawakuelewana namna ya kuwateua. Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023. Watu wa Banissa wakakaa bila mbunge zaidi ya miaka miwili. Magarini hapa pwani nayo kiti kikabaki wazi. Ushuru walikuwa wakilipa kama kawaida.

Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Maji hayakutoka, mwanangu wa Maskani, nakuthibitishia. Wala kabla ya 2010 hayakutoka.

Nimesoma nyote, na hakuna aliyetaja nyumba. Mnasema raia, raia, kama raia ni mwanamme aliyekaa barzani. Baada ya uchaguzi wa 2015 wako wanawake waliopewa talaka kwa sababu wamepiga kura chama ambacho mume hakukitaka. Si uvumi, mashirika ya wanawake yaliliripoti. Mtu ana watoto wanne, anaambiwa ondoka, kwa sababu ya mtu aliyeko Ikulu ambaye hata jina lake halijui.

Na nani aliyesema kura ni siri? Kama kura ni siri, mume anaulizaje? Mkitaka mtu wa kawaida asaidie kutuliza siasa, aanze kwa kutomuuliza mkewe, mwanawe wala mfanyakazi wake kapigia nani. Hiyo haina gharama wala haihitaji kibali cha polisi.

Jengine, wakulima wa mwani. Wengi ni wanawake, wa Paje, wa Jambiani, wa Pemba. Kule kwenye maji kina CCM na kina upinzani wanafunga kamba moja, bei ikishuka wanalia wote. Mikutano yao hakuna anayeuliza kadi. Nyie wa barzani mna nini kinachowakutanisha isipokuwa kahawa?

Mkarafuu

Bi Mkubwa kamaliza kila kitu 😄 tufunge uzi.

Kifungu

Tusifunge, maana bado hatujagusa mahali kufuli lilipo. Nimesoma sheria kidogo, nitasema kwa lugha nyepesi.

Mleta mada anasema tumlinde anayevuka mstari. Swali ni tutamlinda kwa chombo gani? Tutaje majina yaliyo wazi. Mansour Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki, waziri wa zamani, alikuwa mmoja wa wana-CCM waliobeba maridhiano. Agosti 2013 chama kikamvua uanachama. Hakukosa kura za watu wa Kiembesamaki. Alikosa kadi, na kadi ikiondoka kiti kinaondoka, kwa sababu katiba zetu zote mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zinataka mgombea na mwakilishi awe na chama. Februari 2014 ukafanyika uchaguzi mdogo, na yeye hakuwemo kwenye karatasi. Watu wa Kiembesamaki hata wangetaka kumlinda, wangeweka alama wapi?

Mzee Hassan Nassor Moyo, mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, mtu wa tangu enzi za ASP, chama kilichotawala Zanzibar kabla ya CCM, waziri wa awamu ya kwanza, naye akafukuzwa uanachama 2015. Mzee kama yule.

Kwa hiyo mwakilishi anapokaa Barazani anajua mwajiri wake ni nani. Si wewe. Wewe unamwona kila miaka mitano, kikao cha chama kinaweza kumwita wiki ijayo. Hata kwenye kura za maoni za ndani ya chama, aliyeongoza anaweza kukatwa na vikao vya juu. Mtu huyu utamwomba vipi aafikiane na wapinzani kuhusu daftari la wapiga kura?

Sasa la raia. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi ya mgombea binafsi mwaka 1993. Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira, ikampa haki 1994. Serikali ikakimbilia Bungeni kubadilisha katiba. Akafungua tena, Mahakama Kuu ikampa haki tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni suala la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kuwa kumzuia mtu kugombea bila chama ni kuvunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Miaka ishirini, na mwombaji mmoja mbishi. Hukumu ipo mpaka leo, utekelezaji hakuna.

Ndiyo maana nasema kama tunataka kitu kimoja cha kushikilia sote, CCM, ACT-Wazalendo (chama alichohamia Maalim Seif 2019 alipotoka CUF) na wasio na chama, kiwe hicho. Siku mwakilishi akijua anaweza kufukuzwa na chama chake na bado akarudi kwa watu wake, mkwamo utapungua bila hata ya Muafaka wa nne.

Msukuma wa Kariakoo

Hapa nimeelewa. Lakini Kifungu, Mtikila alikuwa na chama chake mwenyewe na jina lake. Mimi fundi simu nianzie wapi?

Kifungu

Anzia kwa mbunge wako na swali moja tu, tena mbele za watu: hukumu ya Arusha ya 2013 unaiunga mkono au huiungi? Usimuulize habari ya chama chake. Akijibu, liandike jibu lake na tarehe. Tatizo letu tunapompata mbunge mkutanoni tunamwomba mabati.

Mwana wa Maskani

Mtanisamehe, mgombea binafsi ni mlango wa matajiri. Chama angalau kina vikao, kina watu wa kumuuliza mtu umetoka wapi. Mwenye pesa zake akija Kiembesamaki akagawa mchele, mtamwita binafsi au mtamwita nani?

Na nataka kumuuliza mleta mada. Unasema tumlinde anayevuka mstari, na mifano yote mnayotoa ni ya watu wa CCM waliovuka kuja kwenu. Siku wa kwenu akikubaliana na sisi, mtamlinda? Au mtamwita msaliti? Desemba 2020, wiki chache baada ya uchaguzi mliosema umeibwa na watu wenu wakafa, Maalim Seif alikubali kuingia serikalini na Dk. Mwinyi. Nakumbuka maneno aliyotupiwa na watu wake mwenyewe.

Muscat

Hilo swali zito. Sisi tulio huku Oman tuache unafiki pia, maana wengi tunaochochea ni sisi tunaolala kwenye viyoyozi. Mtu yuko Seeb anatuma sauti kwenye simu kuwaambia watu wa Wete wasisalimiane na jirani zao. Yeye kesho anakwenda kazini, wao ndio wanaoishi na jirani.

Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Ahsante Muscat. Na hizo sauti mnazotuma ni ndefu, zinamaliza bando.

Likoni Feri

Kuhusu pesa za wagombea binafsi, kwetu wapo, katiba inaruhusu. Wengine ni matajiri kweli kama anavyosema Mwana wa Maskani. Wengine ni watu waliodhulumiwa kwenye mchujo wa vyama vyao. Bunge la Kenya halikuvunjika kwa sababu yao, ila pia tusidanganyane, mkwamo wetu hawakuumaliza: wakishaingia, wengi wanajipanga na upande wenye nguvu.

Tuna pia kifungu cha 104 cha kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake. Kinasomeka vizuri mno. Hakuna mbunge aliyewahi kurudishwa kwa njia hiyo. Kilichofanya kazi kwetu zaidi ni lile sharti la kushirikisha umma kabla sheria haijapita, maana raia mmoja akithibitisha hamkuulizwa, sheria inaweza kuanguka mahakamani. Wabunge hawalipendi, na mimi ndiyo sababu nalipenda.

Mkarafuu

Kwetu tuna mfano wake mdogo na watu wameusahau. Marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, ya 2010, yaliweka kwamba vifungu fulani, pamoja na hivyo vya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, havibadilishwi mpaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Ndiyo maana hata ile miaka ya 2016 hadi 2020, hasira zilipokuwa juu na serikali ikawa ya CCM kwa sehemu kubwa, muundo wenyewe haukufutwa. Msukuma aliuliza asilimia 66.4 ilisaidia nini. Ilisaidia hapo: mwaka 2020 watu walipotaka kurudi mezani, meza ilikuwa bado ipo.

Ila naomba tusizungumze katiba tu. Kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaani, ndiko raia anakokutana na siasa. Mtu anataka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, bila hicho haandikishwi kupiga kura, na sheha akisema simjui, basi. Umezaliwa hapo, umeoa hapo, sheha hakujui. Mkwamo wa Ikulu unaanzia kwenye daftari hilo. Na hapa mtu wa chama tawala ana uwezo kuliko mimi. Mimi nikienda kumtolea ushahidi jirani yangu, nitaambiwa nyote ni wamoja. Akienda Mwana wa Maskani akasema huyu namjua, tulisoma skuli moja, mimi ni CCM na huyu si CCM lakini ni mkaazi wa hapa, sheha atasema nini?

Mwana wa Maskani

Utanifanya nigombane na watu wangu.

Mkarafuu

Ndiyo.

Mwana wa Maskani

Nimewahi kufikiria, sitasema uongo. Kuna mtu mtaani kwetu, fundi, kila mtu anajua kazaliwa hapa. Lakini mleta mada hajajibu swali langu bado.

Mtu wa Barza

Najibu. Novemba 2009 Maalim Seif alipanda jukwaani Kibanda Maiti kuwaambia watu wake kwamba anamtambua Karume kuwa Rais. Wafuasi wake walimzomea, wengine wakalia pale pale. Hawakumlinda siku hiyo, uko sahihi. Julai iliyofuata ndio hao hao waliosimama foleni wakapiga Ndiyo. Katikati hapo palipita miezi ya watu kuzungumza, misikitini, kwenye maziko, kwenye madaladala, wa CUF akimweleza wa CUF mwenzake kwa nini. Hakuna mjumbe wa kutoka nje aliyeifanya kazi hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza tutamlinda wa kwetu, nasema siku ya kwanza pengine hatutamlinda. Tupewe miezi.

Na la 2020 vilevile. Waliomwita msaliti wapo, na wapo waliokaa nao wakawaeleza. Maalim akafariki Februari 2021, na chama hakikutoka serikalini, kikamleta Othman Masoud. Yule, mkumbuke, ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akapiga kura ya Hapana kwa baadhi ya vifungu kwenye Bunge Maalum la Katiba 2014 akapoteza kazi. Naye alivuka mstari akaadhibiwa. La 2025 naliacha, bado ni bichi, tukiliingiza hapa hatutatoka.

Sasa na mimi nakuuliza, Mwana wa Maskani. Mzee Moyo alipofukuzwa, kwenye maskani yenu kuna hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali?

Mwana wa Maskani

Walikwenda. Wachache, na usiku.

Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Na fundi wako, ofisi ya sheha inafunguliwa mchana.